SOMO LETU: NGAZI YA NYUMBA, TUTENGENEZE KIASI GANI?



Katika somo hili tutazungumza juu ya ngazi ya nyumba. Najua wengine watasema, "Sisi hapa kijijini tuna nyumba za chini, ngazi ni mambo ya mjini." Hebu tutembee kidogo. Yuko mwenzetu ambaye watoto wake wanafanya kazi mbali, wakamjengea ghorofa moja nyuma ya nyumba ya zamani. Ziko nyumba za mitelemko, kama kule Murang'a, Kisii na milima ya Taita, ambako huwezi kutoka mlangoni kwenda jikoni bila kukanyaga vidato vitano au sita. Liko duka la kikundi sokoni lenye vyumba vya kupangisha juu. Na kule Lamu na Mombasa ziko ngazi za mawe ambazo zimepandwa na vizazi vingi.

Ngazi hizi zote huchakaa. Zikichakaa, mwenye nyumba huja kwa chama kuomba mkopo, na hapo ndipo kamati hukaa usiku mzima ikibishana. Mmoja anasema, "Apige misumari miwili aendelee." Mwingine anasema, "La, abomoe yote amalize mara moja." Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, kwa sababu hakuna aliyeinama kuiangalia ngazi yenyewe kwa chini. Mtu akitumia pesa kidogo mno, mtoto au mzee ataanguka. Akitumia nyingi mno, atabaki na ngazi nzuri na karo isiyolipwa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tukisema kidato hapa hatumaanishi cha shule. Ni kila mahali pa kuweka mguu. Kimo cha kidato ni urefu unaoinua mguu kutoka kidato kimoja hadi kingine. Upana wa kukanyagia ni pale unapoweka wayo, kutoka ukingo wa kidato kimoja hadi ukingo wa kinachofuata. Halafu kuna mbao mbili ndefu za kando ambazo zinabeba vidato vyote. Katika ngazi ya simiti, kazi hiyo hufanywa na bamba lililo chini ya vidato, lenye vyuma ndani yake.

Sisi tunapenda kuifananisha ngazi na mwili. Rangi, vigae na plasta ni ngozi. Vidato ni nyama. Mbao za kando, au lile bamba la simiti, ni mifupa. Ngozi ikiwa mbaya, haibu tu. Nyama ikiwa mbaya, unatibu mahali palipo na kidonda. Mifupa ikioza, usimpake mgonjwa mafuta. Basi kabla ya kuuliza bei, tuulize ugonjwa umefika wapi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja katika chama ana nyumba ya ghorofa moja, na ngazi ya mbao iko ndani, sebuleni. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni sentimita 270. Mguu huinuliwa mara 12. Vidato viwili vimepasuka, kimoja kinacheza, hakuna mahali pa kushika mkono, na nyanya wa miaka mingi analala juu pamoja na wajukuu. Fundi amekuja akatazama kutoka mlangoni, kisha wakazungumza hivi:

"Mama, hii ngazi imekwisha. Tubomoe yote tuweke ya simiti na vigae."

"Sawa fundi wangu, lakini nionyeshe kwanza mahali ilipokwisha."

Fundi akikasirika kwa swali hilo, jueni bado hajakagua. Fundi mzuri atafurahi, atachukua bisibisi na tochi, na atapiga magoti.

Ukaguzi wenyewe hauna gharama. Ngazi ya mbao tuianze kwa chini, pale mbao za kando zinapokutana na sakafu. Hapo ndipo unyevu hupanda kila mama anapopiga deki, na hapo ndipo mchwa huingilia. Dunga kwa ncha ya bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyooza humeza ncha kama mkate. Usidanganywe na uso. Mchwa hula ndani na kuacha ganda jembamba la nje, na rangi juu yake inang'aa kama jana. Gonga kwa mpini wa nyundo ukisikiliza: mahali palipo wazi ndani hulia kama ngoma. Tafuta pia vijia vya udongo ukutani na nyuma ya ngazi. Halafu kagua kila pembe ambapo kidato kimeingia katika ubao wa kando, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Mwisho, mtu mzima apande polepole na mwingine akae chini na tochi, aone ni nini kinachosogea.

Ngazi ya simiti ina dalili zake. Nyufa nyembamba kama unywele juu ya plasta si jambo la kutisha. Lakini alama za kahawia kama za kutu, na simiti inayobanduka vipande vipande, hizo ni habari nyingine. Chuma kikipata kutu huvimba, na kikivimba huisukuma simiti itoke nje. Kupiga plasta juu yake ni kufunika jipu. Pwani tunaliona sana hili pale watu walipotumia mchanga wa baharini bila kuuosha, kwa sababu chumvi huharakisha kutu. Na ukiona ufa unaokata upande wa chini wa ngazi kutoka ukingo hadi ukingo, au ufa pale ngazi inapokutana na sakafu ya juu, zuieni watu wasipite na mwite mhandisi wa majengo. Hilo si jambo la kupigia kura katika chama.

Sasa tuchukue kipimo cha futi, kwa sababu kuna ugonjwa wa ngazi ambao hauonekani kwa macho. Pima kimo cha kila kidato, kimoja kimoja, uandike katika daftari. Mguu wa mtu ni mwanafunzi mwepesi. Ukishapanda vidato viwili tu, mguu umekariri kimo, na kuanzia hapo unapanda bila kufikiri. Kidato kimoja kikiwa tofauti, mguu hugonga au hukosa. Kanuni za nyumba za Marekani haziruhusu kidato kirefu kabisa kumzidi kifupi kabisa kwa milimita 9.5, yaani chini kidogo ya sentimita moja. Ni kidogo hivyo. Na ajali nyingi hutokea mtu anaposhuka, mikono ikiwa imebeba karai au mtoto.

Hapa pana mtego ambao vikundi vingi havijaufikiria. Wengi wetu tukiwa na pesa kidogo tunasema, "Basi tusibomoe, tupige tu simiti mpya juu." Tuchukue ngazi ambayo vidato vyake vyote ni sentimita 18. Fundi anapiga simiti ya sentimita 3 juu ya kila kidato. Vidato vya katikati vinabaki 18, kwa sababu vyote vimeinuka pamoja. Lakini kidato cha kwanza sasa ni 21, maana sakafu ya chini haikuinuka. Na cha mwisho ni 15, maana sakafu ya juu haikuinuka. Ngazi iliyokuwa salama imekuwa na mitego miwili, mmoja chini na mmoja juu, na yote imependeza. Mambo ni hayohayo ukiinua sakafu ya sebule kwa vigae bila kukumbuka ngazi: kidato cha kwanza kinafupika. Kwa hiyo kazi inayoonekana ndogo inaweza kuharibu kuliko kutofanya kitu. Kama lazima upake simiti juu, kwanza chonga ya zamani kwa tindo kiasi kilekile unachokusudia kuweka, ukiwa mwangalifu usifikie vyuma.

Na vipimo vizuri ni vipi? Mafundi wengi hutumia hesabu ambayo Mfaransa François Blondel aliieleza katika karne ya 17: chukua kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa kukanyagia, na jibu likaribiane na hatua ya mtu. Siku hizi jibu hutakiwa liwe kati ya sentimita 55 na 70 hivi. Kimo cha 18 na upana wa 26 hutoa 62. Vizuri. Lakini turudi kwa mama yetu. Sentimita 270 tukigawa kwa 12 tunapata kimo cha 22.5, na upana wa kukanyagia alioukuta ni 20. Mara mbili ya 22.5 ni 45, ongeza 20, jumla 65. Hesabu imekubali! Hata hivyo ngazi hiyo ni mkali, karibu ya kupandia dari, na wayo wa mtu mzima hautoshei juu yake. Basi msitosheke na ile jumla peke yake. Kwa nyumba yenye wazee na watoto tunapendelea kimo kisichozidi 18 au 19, na upana usiopungua 25.

Mtu atasema, kama ni mkali basi abomoe ajenge ya pole. Haya, tufanye hesabu ya nafasi. Ngazi ya sasa ina vidato 11 vya kukanyaga, kwa sababu hatua ya 12 ni sakafu ya juu yenyewe. Mara 20, inakula sentimita 220 za sebule. Ngazi ya pole ya kimo cha 18 itahitaji kuinua mguu mara 15, yaani vidato 14, mara 26, ambayo ni sentimita 364. Ni karibu mita moja na nusu zaidi. Je, mita hiyo iko wapi? Labda itafika mlangoni. Labda tundu la sakafu ya juu litabidi lipanuliwe ili mtu asigonge kichwa, maana juu ya kila kidato panatakiwa uwazi wa kama mita 2. Kupanua tundu ni kukata boriti za sakafu, na mara moja kazi ya ngazi imekuwa kazi ya nyumba. Inawezekana kuikunja ngazi kwa kuweka kituo katikati, lakini kituo nacho kinataka upana.

Na ile simiti ya fundi? Simiti yenye vyuma ina uzito wa kama kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Ngazi hiyo ya vidato 14, ikiwa na upana wa sentimita 90 na bamba la unene wa 15, itakuwa na uzito wa kama tani 2. Itakaa juu ya nini? Sakafu ya juu ikiwa ni ya mbao haiwezi kuibeba, na chini pengine hakuna msingi wowote, ni sakafu tu iliyopigwa juu ya mawe. Ngazi ya simiti ni nzuri katika nyumba iliyopangwa kuwa nayo tangu mwanzo. Kuipachika baadaye ni jambo la kuchorwa na kupata kibali cha kaunti. Mchoro wa vumbini kwa ncha ya kijiti hautoshi.

Tuseme basi fundi amepiga magoti kwa yule mama, na bisibisi imesema hivi: ubao mmoja wa kando umeoza sentimita 15 za chini, mwingine ni mzima, pembe za vidato ni nzima, na vimo vyote vinalingana. Kama tungekuwa katika kamati hiyo, sisi tungesema asibomoe. Akate ile sehemu iliyooza pamoja na kipande cha afya juu yake, aunganishe ubao mpya mkavu kando ya ule wa zamani kwa boliti, na aiinue miguu yote miwili ya ngazi juu ya kipande cha simiti chenye karatasi ya nailoni kati yake na mbao, unyevu usipande tena. Wakati ubao unakatwa, ngazi ishikiliwe kwa nguzo, na mtu yeyote asipande. Vidato vitatu vibadilishwe, na vikazwe kwa skrubu badala ya misumari, kwa sababu msumari hulegea kadiri mbao inavyochezacheza. Mbao iwe imekauka. Saiprasi mbichi ya jana itajikunja kabla ya Krismasi.

Halafu kishikio cha mkono, tena pande zote mbili ikiwezekana. Hapa hatutaki kuokoa pesa. Kiwe na urefu wa sentimita 90 hadi 100 kutoka ukingo wa kidato, kiwe cha mviringo ambao vidole vinaweza kuuzunguka, na kiendelee bila kukatika kutoka chini hadi juu. Fito za kusimama ziwe karibu kiasi kwamba uwazi kati yake haufiki sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Taa nayo, hata ile ndogo ya sola, iwekwe mahali inapomulika vidato vya juu na vya chini. Kwa ngazi mkali ambayo haiwezi kulazwa, kishikio na mwanga ndivyo vinavyookoa watu.

Juu ya mchwa, wako wanaopaka oil chafu ya gari. Nje kwenye nguzo ya ua, sawa, ingawa hata huko huchafua udongo. Ndani ya nyumba tunasema hapana: hunuka, huwashika watoto mikononi, na juu ya kidato huteleza. Nunua dawa ya mbao dukani, soma maandishi yake, na kwanza tafuta pale mchwa wanapotokea.

Limebaki jambo moja ambalo fundi hawezi kusema kwa sababu halimletei kazi. Nyanya ana haja gani ya kulala juu? Ngazi iwe nzuri namna gani, kwa miguu yake ni mlima. Chumba cha chini kinachowekwa magunia na baiskeli kinaweza kusafishwa Jumamosi moja. Lakini aulizwe mwenyewe kwa heshima, asihamishwe kama kitanda. Pengine amechagua juu kwa sababu ya baridi ya sakafu au kwa sababu anapenda kuwa karibu na wajukuu, na hayo yana dawa nyingine.

Sasa, tungebadilisha mawazo lini? Kama bisibisi ingezama katika ubao wa kando hadi katikati, au katika mbao zote mbili, basi kuweka vidato vipya juu yake ni kupoteza mbao. Kama vimo havilingani katika ngazi nzima, hakuna kiraka kitakachovilinganisha, jengeni upya. Na ikiwa vidato vibovu vimezidi theluthi moja hivi, mwambieni fundi alete bei mbili, ya kutengeneza na ya kujenga upya, kwa sababu kufungua na kufunga kila kidato hula siku nyingi na malipo ya siku hupanda. Hapo ndipo yule aliyesema "amalize mara moja" huwa na haki yake. Na ikijengwa upya, ijengwe kwa vipimo vya pole hata kama sebule itapungua. Ngazi mpya iliyo mkali kama ya zamani ni pesa za chama zilizotupwa.

Ndugu zetu wa Pwani wana shauri la pekee. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa na boriti za mikoko. Ngazi zake nyingi ni mkali na vidato vimeliwa katikati na miguu ya watu. Kabla ya kuvunja chochote katika nyumba kama hiyo, ulizeni kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Na kiraka kiwe cha chokaa. Simiti ni ngumu na hufungia unyevu ndani ya ukuta, na chumvi ikikosa pa kutokea huubomoa ule ukuta wa zamani pembeni mwa kiraka chako kipya.

Wenye vidato vya udongo au mawe nje ya nyumba, kwenu adui ni maji. Msiguse vidato kabla ya kuchimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua yasipite katikati ya njia. Kila kidato kiteremke kidogo kuelekea mbele ili maji yasitulie. Vidato vibovu viwili au vitatu vinaweza kupangwa upya na kikundi kwa siku moja, kwa mawe yaleyale.

MAZOEZI YA KIKUNDI

Chagueni nyumba ya mwanachama mmoja yenye ngazi, ya ndani au ya nje, mwende na kipimo cha futi, bisibisi, tochi na daftari.

Pimeni vimo vyote. Ni kipi kirefu kabisa na ni kipi kifupi kabisa? Tofauti ni sentimita ngapi, na ilitoka wapi?

Dungeni au gongeni mifupa ya ngazi. Ugonjwa uko katika ngozi, nyama au mifupa?

Ni nani katika nyumba hiyo anayepanda na kushuka usiku, na anashika nini?

Mwenye nyumba akiomba mkopo leo, kamati itampa wa kazi gani, na itamtuma nani kwenda kuangalia kabla plasta haijafunika?